Ukibadili mtumiaji, kompyuta inabadili nini hasa?

Chukua laptop ya nyumbani yenye Windows, RAM ya GB 4 na akaunti mbili, ya Asha na ya Juma. Asha ameacha kivinjari wazi kikiwa na vichupo kumi na tano, na Word ina barua ambayo hajaihifadhi. Juma anataka kuangalia kitu mara moja tu. Anabonyeza Ctrl+Alt+Delete, anachagua "Switch user", anaweka nenosiri lake. Skrini sasa ni yake, picha ya nyuma ni yake, faili za Asha hazionekani. Dakika chache baadaye mashine inaanza kujikokota, taa ya diski inawaka bila kupumzika, na Juma anatangaza kwamba laptop ina virusi.

Haina. Asha ndiye bado yumo. Vichupo vyake vyote viko kwenye RAM na baadhi vinaendelea kujisasisha. Alichonyang'anywa ni skrini, kibodi na kipanya. Sasa RAM hiyo hiyo ya GB 4 imebebeshwa watu wawili, kwa hiyo Windows inahamishia sehemu ya kumbukumbu kwenye diski, ndani ya faili iitwayo pagefile.sys. Kama diski ni ya kuzunguka badala ya SSD, hapo ndipo subira huisha.

Mfumo endeshi hufanya mambo matatu ambayo kwa nje yote huonekana kama kubadili mtumiaji. Kichakataji hupokezana kazi za watu mbalimbali, mara mamia au maelfu kwa sekunde. Programu moja huweza kuvua utambulisho wa mtu mmoja na kuvaa wa mwingine. Na skrini huhama kutoka kikao kimoja kwenda kingine. Kila moja lina mitambo yake, na matatizo mengi ya mashine inayotumiwa na watu wengi hutokea pale mtu anapotegemea moja lifanye kazi ya jingine.

Namba kabla ya jina

Tuanze na swali la msingi: mfumo unamjuaje Asha? Unamjua kama baraza la mitihani linavyomjua mtahiniwa, yaani kwa namba. Jina ni la kuonyesha watu tu. Kwenye Linux namba hiyo huitwa UID. Msimamizi mkuu, root, ni 0. Kwenye Debian na Ubuntu mtu wa kwanza kuundiwa akaunti hupewa 1000, anayefuata 1001. Kwenye macOS huanza 501. Kwenye Linux faili /etc/passwd ndiyo inayounganisha namba na jina, na kila faili kwenye diski imeandikwa namba ya mwenyewe, basi. Andika `id` kwenye dirisha la amri uone ya kwako.

Windows hutumia kitambulisho kirefu zaidi, SID. Akaunti ya kawaida huanza na S-1-5-21, zikafuata namba tatu kubwa zinazoitambulisha mashine au mtandao wa ofisi, kisha namba ya mwisho inayomtambulisha mtu: 500 ni Administrator aliyekuja na mfumo, na akaunti unazounda mwenyewe huanzia kwenye 1000 na kitu. Amri ya kuiona ni `whoami /user`.

Tofauti hii huonekana siku ya kufuta akaunti. Ukifuta akaunti ya juma kwenye Windows kisha ukaiunda upya kwa jina na nenosiri vilevile, SID ni mpya, na Juma mpya atakuta faili za Juma wa zamani zimefungwa usoni pake mpaka msimamizi amkabidhi umiliki. Kwenye Linux kosa huenda upande wa pili. Mfanyakazi mwenye UID 1001 anaondoka, akaunti inafutwa lakini faili zake kwenye /srv zinabaki, na mgeni anayeandikishwa wiki inayofuata anaweza kupewa 1001 hiyo hiyo. Anakuwa mmiliki halali wa faili ambazo hajawahi kuziona. Kabla ya kumwandikisha mtu mpya, endesha `sudo find / -xdev -nouser` (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya root) utafute faili zisizo na mwenyewe. Chaguo la `-xdev` huifunga ndani ya diski moja, kwa hiyo kama /srv au /home iko kwenye diski yake, irudie huko. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya diski ya nje yenye mfumo wa faili wa ext4, ikitolewa kwenye mashine ya Asha na kuchomekwa kwenye ya Juma, ifunguke bila ubishi: wote wawili ni 1000 kwao.

Zamu za kichakataji

Wazo la watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS ukifanya kazi kwenye IBM 709 iliyofanyiwa marekebisho. Kabla ya hapo mtu alipeleka kazi yake ikiwa kwenye kadi, akasubiri zamu. CTSS iliwapa watu kadhaa mashine moja kwa vipande vidogo vya muda, kila mmoja akiwa kwenye taipu yake anaamini kwamba mashine ni yake peke yake.

Siri iko kwenye saa. Programu ikishaanza kufanya kazi, mfumo huiita mchakato, na mchakato ukipewa kichakataji ungeweza kukishikilia milele. Kwa hiyo kuna saa ya vifaa inayokatiza kazi kila baada ya muda maalumu. Kwenye Linux nyingi saa hiyo hulia mara 250 au 1000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 4 au 1. Ikilia, kichakataji huacha kilichokuwa kikifanyika na kurudi mikononi mwa kaneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, nayo huamua kama zamu imekwisha.

Ikiwa imekwisha, kaneli huhifadhi rejista za kichakataji, vihifadhi vidogo vya ndani yake, za mchakato unaoondoka, huchagua mwingine, hupakia rejista zake, kisha hubadili jedwali la kurasa. Hili la mwisho ndilo ukuta wa kweli kati ya Asha na Juma. Kila mchakato huona anwani za kumbukumbu kana kwamba RAM yote ni yake, na jedwali hilo ndilo linalotafsiri anwani hizo ziende mahali halisi. Kwenye vichakataji vya Intel na AMD rejista iitwayo CR3 huelekeza jedwali lipi litumike. Mchakato wa Juma hauwezi kusoma kumbukumbu ya Asha kwa sababu kwenye jedwali lake hakuna mstari unaofika huko. Kubadilishana huku huchukua mikrosekunde chache, ingawa gharama kubwa huja baadaye, pale kache, kumbukumbu ndogo za kasi zilizo karibu na kichakataji, zinapokuwa bado na vitu vya mchakato uliotoka na mpya unalazimika kuzijaza upya. Mabaki hayo yana hatari yake pia: Januari 2018 udhaifu wa Meltdown na Spectre ulitangazwa, ikaonekana kwamba programu inaweza kukisia siri za nyingine kwa kupima muda tu, na watengenezaji wa mifumo wakalazimika kuongeza vizuizi kwenye kila badiliko, kwa gharama ya kasi.

Angalia kwamba katika yote haya hakuna mtu. Mgawanyo wa zamu kwa asili yake huhesabu michakato. Juma akianzisha michakato ishirini inayohesabu mfululizo na Asha ana mmoja, Juma angechukua karibu kichakataji chote, na hilo ni haki kabisa machoni pa kaneli. Ndiyo maana Linux ya sasa huweka michakato ya kila mtu kwenye fungu lake: user-1000.slice, user-1001.slice na kuendelea, na mafungu yenye uzito sawa hugawana kwanza, kisha kila fungu likagawia watoto wake. Kwenye seva ya chuo au ya ofisi unaweza kumwekea mtu kikomo bila kumfukuza:

`sudo systemctl set-property user-1001.slice CPUQuota=50% MemoryMax=2G`

Hapo asilimia 50 ni nusu ya kiini kimoja cha kichakataji, si nusu ya kichakataji chote. Ukitaka viini viwili kamili andika 200%. Na MemoryMax si onyo: akizidisha GB 2, kaneli huua mmoja wa michakato yake.

Kuvua na kuvaa utambulisho

Unapoandika jina na nenosiri kwenye Linux, programu inayokupokea inaendeshwa na root. Lazima iwe hivyo, kwa sababu /etc/shadow, yanakokaa manenosiri yaliyosagwa, haisomwi na mtu wa kawaida. Ikithibitisha kwamba ni wewe, programu hiyo hujivua: hujiwekea vikundi vyako, kisha kikundi chako kikuu, kisha UID yako, halafu huanzisha mazingira yako ya kazi. Tangu hapo kila mchakato unaozaliwa hurithi namba ya mzazi wake. Mfumo haukuulizi tena wewe ni nani.

Mpangilio huo wa hatua ni wa lazima. Anayeanza kwa kubadili UID ameshaacha mamlaka ya root, kwa hiyo hawezi tena kubadili vikundi, na mchakato unabaki na vikundi vya root huku ukionekana ni wa Juma. Kosa jingine la waandishi wa programu ni kutoangalia kama setuid, yaani ombi la kubadili UID, imefanikiwa. Kwenye kaneli za Linux kabla ya 3.1, mtu aliyejaza idadi yake ya michakato angeweza kuifanya setuid ishindwe, na programu isiyoangalia jibu ikaendelea kama root huku ikidhani imeshajivua.

Upande wa kupanda cheo, Unix ina hila moja fupi. Faili ya programu ikiwekewa alama ya setuid, anayeiendesha huazima utambulisho wa mwenye faili. Tazama `ls -l /usr/bin/passwd` utaona herufi s mahali pa x. Bila hiyo usingeweza kubadili nenosiri lako mwenyewe. `su` na `sudo` husimama juu ya hila hiyo hiyo, na hapa ndipo watu hujikwaa: `su juma` hubadili namba lakini huacha sehemu kubwa ya mazingira ya aliyetangulia. Folda mliyomo ni ile ile, PATH, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, mara nyingi ni ile ile, na XDG_RUNTIME_DIR, inayotaja folda ya muda ya kikao, bado inaelekeza /run/user/1000, folda ambayo Juma haruhusiwi hata kuichungulia. Programu za madirisha zinalalamika au zinakataa kufunguka. `su - juma`, yenye kistari, huanzisha mazingira mapya, lakini hata hiyo haimpi Juma skrini. Imebadili utambulisho wa dirisha moja la amri, haikumfungulia kikao.

Kwa kuwa vikundi huwekwa wakati wa kuingia, kumwongeza mtu kwenye kikundi hakuna athari kwa michakato aliyokwisha kuifungua. Maswali ya aina ya "nimejiongeza kwenye kikundi cha dialout na bado kifaa cha USB kinanikatalia ruhusa" yana jibu moja: toka kabisa kwenye akaunti, uingie upya. Na ukiandika `usermod -G` bila `-a` mbele yake, umefuta vikundi vyake vingine vyote, pamoja na sudo. Ukijifanyia hivyo kwenye mashine ambayo ni wewe tu msimamizi, itakubidi uiwashe kwa hali ya uokoaji ili ujirudishe.

Folda ya pamoja huonyesha mambo haya yote kwa mpigo. Unda kikundi kwa `sudo groupadd pamoja`, kisha folda /srv/pamoja, ikabidhi kwa kikundi kwa `sudo chgrp pamoja /srv/pamoja`, halafu `sudo chmod 2770 /srv/pamoja`. Tarakimu 2 ya mwanzo hufanya kila faili mpya irithi kikundi cha folda. Wengi huishia hapo, kisha Asha anashangaa kwamba faili ya Juma inasomeka lakini haihaririki. Kinachomzuia ni umask ya 022, inayoondoa ruhusa ya kikundi kuandika kila faili inapoundwa. Dawa ni `sudo setfacl -d -m g:pamoja:rwx /srv/pamoja`, ambayo huweka ruhusa ya msingi kwa vyote vitakavyozaliwa humo.

Windows haina setuid. Ukithibitishwa, mchakato uitwao LSASS hutengeneza tokeni, kifurushi chenye SID yako, vikundi vyako na haki zako, na nakala yake hubandikwa kwenye kila mchakato wako. Tokeni nayo hutengenezwa wakati wa kuingia, kwa hiyo kanuni ya vikundi ni ile ile: umeongezwa kwenye kikundi cha idara, toka uingie tena. Tangu Windows Vista, mtu wa kundi la wasimamizi hupewa tokeni mbili, moja dhaifu ya kazi za kila siku na moja kamili inayotumika akikubali lile dirisha la kuomba kibali. Kwa sababu hiyo hifadhi ya mtandao uliyoiunganisha kama Z: huonekana kwenye folda zako lakini programu uliyoifungua kwa "Run as administrator" inasema Z: haipo. Muunganisho ulifungwa kwenye tokeni nyingine. Mtu ni mmoja, ila kwa Windows ni maingio mawili.

Skrini inapohama

Hili ndilo alilofanya Juma mwanzoni. Windows ililileta kwa watumiaji wa nyumbani na XP mwaka 2001, macOS ikafuata mwaka 2003 na toleo la 10.3. Kwenye XP kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa ofisi wenye usimamizi wa pamoja haikuwa nalo. Vista ikaondoa mpaka huo.

Kila anayeingia kwenye Windows hupewa kikao chenye namba, na ndani yake nakala zake za winlogon.exe, csrss.exe, dwm.exe na explorer.exe. Kikao 0 ni cha huduma za mfumo peke yake. Haikuwa hivyo zamani: kwenye XP mtu wa kwanza kuingia alikaa kikao 0 pamoja na huduma zenye mamlaka makubwa, na programu ovu iliweza kuyapelekea madirisha ya huduma hizo ujumbe wa kuzihadaa. Vista ikawatenganisha. Ukichagua "Switch user", Windows hukata kikao 1 kutoka kwenye skrini na kibodi, huonyesha ukurasa wa kuingia, kisha huunganisha kikao 2. Hakuna kinachosimamishwa. Fungua Task Manager, kichupo cha Users, utaona majina yote na RAM ya kila mmoja, na msimamizi anaweza kubofya kulia na kumtoa mtu. Kwenye matoleo ya Pro amri ya `query user` huonyesha hali hiyo hiyo, na `logoff 1` humtoa mwenye kikao 1, pamoja na kazi yake isiyohifadhiwa.

Windows za nyumbani na ofisini huruhusu kikao kimoja tu kiwe na skrini kwa wakati mmoja. Juma akiingia kwa mbali kupitia Remote Desktop, Asha aliyekaa mbele ya mashine hukatwa. Huo ni uamuzi wa leseni. Mitambo ya vikao vingi imo ndani, na Windows Server huitumia.

Kwenye Linux msimamizi wa jambo hili ni logind. Huita seti ya skrini, kibodi na kipanya kwa jina seat0, na seti moja huwa na kikao hai kimoja tu. Ukibonyeza Ctrl+Alt+F3, au ukibadili kupitia menyu, logind huiambia programu inayochora skrini ya Asha iachie kadi ya michoro, huku kaneli ikizibatilisha papo hapo njia zake za kusoma kibodi na kipanya. Asipofanyiwa hivyo, programu ya Asha iliyo nyuma ingeweza kunasa nenosiri la Juma herufi kwa herufi. Kisha ruhusa za vifaa kama sauti na kamera huondolewa kwa Asha na kupewa Juma. Muziki wa Asha unanyamaza.

Isipokuwa Asha yumo kwenye kikundi cha audio. Mtandaoni utakuta ushauri mwingi wa kujiongeza humo sauti inapogoma, na ushauri huo ni mbaya: ruhusa ya kikundi ni ya kudumu, haifuati skrini, kwa hiyo kikao cha Asha kinaendelea kushikilia kadi ya sauti na Juma anabaki na spika bubu. Mwondoe kwenye kikundi, atoke, aingie tena.

`loginctl list-sessions` huonyesha waliomo, `loginctl terminate-session` ikifuatwa na namba humtoa mmoja. Kutoka kwenye akaunti nako si mwisho wa michakato yote: kilichoanzishwa ndani ya tmux, programu inayoendeleza madirisha ya amri yakiachwa, kwa kawaida hubaki, na aliyewekewa `loginctl enable-linger` huduma zake huendelea hata bila kuingia, jambo linalofaa kwa seva na lisilofaa kwa maabara ya shule.

Visivyogawanyika

Vikao vinaweza kuwa kumi lakini mtandao ni mmoja. Milango ya mtandao ni ya mashine nzima, kwa hiyo Asha akiacha seva ya majaribio kwenye mlango 8080, ya Juma itakataa kuanza. Njia za mtandao nazo ni za mashine nzima: Asha akiacha VPN ya ofisi imeunganishwa, mara nyingi mawasiliano ya Juma pia yanapita humo, na msimamizi wa mtandao wa ofisi ataona mambo ambayo Asha hakuyafanya. Programu za hesabu na za kuchapisha risiti, hasa za zamani, hujizuia zisifunguke mara mbili kwa kuweka alama ya mashine nzima. Mtu wa pili huambiwa "programu tayari imefunguliwa" na hapati mahali pa kuifunga, kwa sababu iko kwenye kikao kingine. Faili ya Word iliyoko C:\Users\Public na iliyofunguliwa na Asha itamfungukia Juma kwa kusoma tu.

Faili za muda ni mtego wa zamani kuliko yote. Katikati ya miaka ya 1960 kwenye CTSS, watu waliokuwa wakiingia siku moja walichapishiwa orodha ya manenosiri ya watumiaji wote badala ya tangazo la siku. Kihariri cha maandishi kilitumia jina moja lisilobadilika kwa faili yake ya muda, wasimamizi wawili wakahariri kwa wakati mmoja, mmoja tangazo na mwingine manenosiri, na faili zikabadilishana. Leo /tmp ina ruhusa ya 1777, ambayo inamzuia mtu kufuta faili ya mwingine, na kila mtu ana /run/user yake. Lakini hati ya amri inayoandika /tmp/ripoti.txt bado inaanguka siku mtu wa pili anapoiendesha. Tumia `mktemp`.

Simu

Android inastahili kutajwa kando, kwa sababu ilichukua namba za Linux ikazigeuza. Tangu mwanzo kila programu ilipewa UID yake, kana kwamba kila programu ni mtu. Watumiaji wengi walipokuja, kwenye tableti na Android 4.2 mwaka 2012 na kwenye simu na 5.0 mwaka 2014, fomula ikawa: namba ya mtumiaji mara 100000, jumlisha namba ya programu. Mwenye simu ni 0, anayeongezwa kwa kawaida ni 10. Programu yenye namba 10123 kwa mwenye simu ni UID 10123, na kwa mtumiaji 10 ni 1010123. Kwa kaneli hao ni wageni kwa wageni. Nakala ya programu yenyewe ni moja, data ni mbili, na ndiyo maana mmoja akisasisha programu imesasishwa kwa wote.

Simu zinazosimba data kwa kila faili, mfumo uliokuja na Android 7.0, huongeza ukuta mwingine: data kuu ya kila mtu ina ufunguo wake unaopatikana baada ya yeye kufungua skrini yake mara ya kwanza tangu simu iwashwe. Kabla ya hapo hata mfumo hauwezi kuisoma. Kubadili mtumiaji kwenye simu huchelewa sekunde kadhaa kwa sababu hiyo na kwa sababu huduma zake zinaanzishwa upya, na RAM ikibana, watumiaji walioachwa nyuma husimamishwa kabisa, tofauti na Windows.

Laini ya simu, kama mtandao, haigawanyiki. Mtumiaji aliyeongezwa kwa kawaida hana ruhusa ya kupiga simu wala SMS mpaka mwenye simu aiwashe, kwa hiyo namba ya uthibitisho ya SMS haimfikii na menyu za USSD za kutuma pesa hazimfungukii. Ukimwashia, anatumia laini yako hiyo hiyo. Kinacholinda salio hapo ni PIN ya huduma ya pesa, wala si ukuta wa Android. Watengenezaji wengine huondoa kipengele hiki kabisa, kwa hiyo usipokiona kwenye mipangilio ya mfumo usihangaike.

Kutoka au kubadili

Kwenye mashine ya GB 4, anayeondoka atoke kabisa kwenye akaunti yake. Kubadili kunafaa RAM ikiwa GB 8 au zaidi na anayeondoka akiwa amehifadhi kazi na kufunga kivinjari. Kwenye maabara au kibanda cha intaneti, chaguo la kubadili linaweza kufichwa: kwenye rejesta ya Windows, ndani ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, unda thamani ya DWORD iitwayo HideFastUserSwitching na uipe 1. Fahamu bei yake. Anayefunga skrini na kwenda zake ameifunga mashine yote, na njia ya haraka iliyobaki ni kuiwasha upya.

Juma akizima laptop wakati Asha bado yumo, Windows humwonya kwamba kuna mtu mwingine anayeitumia. Akikubali kuendelea, barua ya Asha inakwenda, labda Word iwe imejihifadhia nakala ya dharura. Kwa kawaida hufanya hivyo kila dakika 10. Na tangu Windows 8, pale Fast Startup inapowashwa, kuzima huwatoa watu wote lakini hulaza kaneli na kikao 0 kwenye hiberfil.sys bila kuvifunga. Kwa hiyo kama kinachosumbua ni kiendeshi cha printa au cha Wi-Fi, kuzima na kuwasha kunaweza kukirudisha kikiwa na ugonjwa ule ule, chagua Restart.